Kukimbia milimani Uingereza majira ya baridi: yaliyonikuta Helvellyn, na nyie mnabeba nini?

TopeMagotini (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Miaka yote mimi ni msomaji wa kimya humu, leo acha nifungue uzi maana Novemba imeingia na nimeona watu wawili watatu wa huku Uingereza wanaulizia vilima vya kupanda wikiendi. Mimi ni mtoto wa Lushoto, nimekulia kwenye ukungu, kwa hiyo nilipofika huku nilijua baridi hainitishi. Nilikuwa sijui kitu.

Nakaa Preston. Ukishika barabara ya kaskazini, saa moja na ushee uko Lake District. Wenyeji vilima vyao wanaviita "fell", neno waliloachiwa na Waviking, na kuna mchezo wao wa kukimbia huko juu ambao una wenyewe. Njia haijachorwa. Unapewa vituo vya kupitia, kati ya kituo na kituo ni wewe, ramani na akili yako. Kiangazi ni raha tupu. Nataka tuzungumzie kuanzia sasa hadi Machi.

Kisa chenyewe. Januari mwaka juzi, mimi na jamaa mmoja wa klabu yetu ya mbio tulipaki gari Wythburn, pale kwenye kanisa dogo kando ya ziwa Thirlmere. Lengo lilikuwa Helvellyn, mita 950, kupanda kama kilomita 4 na kurudi njia ile ile, tukanywe chai. Bondeni nyuzi 4, kamvua kanapita na kuondoka. Nimevaa taiti, fulana ya mikono mirefu, na jaketi la mvua jepesi lile linalokunjika likaenea kiganjani. Kwenye kibegi: suruali ya mvua, mzula, glovu nyembamba, ramani, dira, filimbi, peremende. Ndivyo vitu wanavyokagua kwenye mashindano, ukikosa kimoja hukimbii. Mimi ninavyo vyote, najiona kamili.

Tulipanda vizuri. Ukipanda kwa kasi mwili unakuwa jiko, nilifungua hadi zipu. Njiani tukawapita mzee na mkewe wanatembea mwendo wa harusi, mabegi makubwa kama wanahama. Niliwasalimu, lakini moyoni niliwacheka.

Kuanzia mita 700 hivi mvua ikageuka theluji ya majimaji, na upepo ukaanza kutusukuma kwa ubavu. Kileleni Helvellyn pametandazika kama kiwanja. Desemba 1926 marubani wawili walitua na ndege pale na wakaruka tena, kuna jiwe la kumbukumbu. Siku hiyo jiwe sikuliona, nilikuwa naona viatu vyangu tu. Tukagusa kilele, tukageuza. Hatujafika mita mia tatu, jamaa akakanyaga jiwe lililovaa ile barafu nyembamba kama kioo. Kifundo kikageuka. Mlio wake niliusikia kabla sijamwona yuko chini.

Hapo jiko likazimika. Ndani ya dakika kumi jasho la mgongoni lilikuwa maji ya barafu. Nikataka nimtolee suruali ya mvua. Zipu ya begi ina kakamba ka kuvutia, unene wake kama utambi wa koroboi. Vidole vinakaona, haviwezi kukashika. Nikajaribu mara tatu, nne, mwisho nikakavuta kwa meno, na nikavua glovu zilizoloa nikidhani zinanizuia. Kuzivaa tena ikashindikana, maana glovu mbichi na mkono uliokufa ganzi haviingiliani. Jamaa alikuwa anatetemeka hadi meno yanagonga. Baadaye akaacha kutetemeka, akaniambia yuko poa kabisa, nimwache alale kidogo.

Waliotuokoa ni wale mzee na mkewe. Walitokea kwenye ukungu, hawakuuliza maswali mengi. Mama akachomoa kitu chekundu cha nailoni, kama hema lisilo na nguzo, wakalifunika juu yetu wote wanne, tukakalia ukingo wake ili upepo usilinyanyue. Ndani magoti yamegusana, miwani ya mzee imepata ukungu, soksi zinanuka, na baada ya dakika tano ukawa unasikia joto kabisa, joto la watu tu. Jamaa akavishwa koti nene la mzee, akanyweshwa chai ya thamosi yenye sukari ya kukwama mdomoni. Alipoanza kutetemeka tena, yule mama akasema, "Sawa, sasa amerudi."

Tulipanda kwa dakika hamsini na kitu. Kushuka, tukimkokota, saa tatu kasoro.

Tangu hapo nikifunga begi sijiulizi nitavaa nini nikikimbia. Ninajiuliza nitavaa nini nikikaa chini saa mbili bila kusogea. Kwa hiyo nabeba koti nene la nyuzi za kutengeneza (la manyoya ya bata likiloa linakuwa kama mkate uliomwagiwa chai), mitini (glovu zisizotenganisha vidole) kubwa za kuvaa juu ya glovu, glovu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, taa ya kichwani hata kama natoka saa tatu asubuhi, na lile hema jekundu. La watu wawili halifiki nusu kilo.

Karibuni. Nyie mnabeba nini?

---

KaaChonjo

Sasa mkuu, mtu umetoka Lushoto, umelipa viza, umepimwa TB, umepanda ndege, yote hayo ili ukajigandishe juu ya kilima bure? Hata medali hukupewa?

Ila uzi mtamu. Navuta kiti.

---

MpagaziMstaafu

Vijana, nimesoma mara mbili. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na minane, Marangu, Machame na Umbwe, kwa hiyo niruhusuni niseme.

Kosa lako, mwanangu, halikuanzia kileleni. Lilianzia pale ulipofungua zipu. Jasho ndilo adui. Sisi tunawaambia wageni "pole pole" wanadhani ni salamu, wanachapisha hadi kwenye fulana. Ni dawa ile. Mtu akitoka kambi ya Barafu, mita 4,673, usiku wa manane, akienda mwendo wa kutoa jasho, akifika Stella Point karibu na kilele ile fulana ya ndani ni barafu. Unapoanza kupanda, uanze ukiwa unasikia kibaridi kidogo.

Jambo la pili: pamba iacheni nyumbani. Fulana ya pamba ikiloa haikauki, inakunyonya joto hadi ufike chini. Wapagazi wapya tulikuwa tunawakuta na suruali za jinsi, mvua ya msituni ikiwapata kabla ya kambi usiku hawalali.

Lakini nikuulize. Huko kwenu mita 950 tu, na nyuzi 4 bondeni. Kweli baridi ya hapo ni ya kumlaza mtu?

---

TopeMagotini

@MpagaziMstaafu shikamoo mzee. La zipu umenipata, sina utetezi.

Kuhusu baridi, hesabu ni hii. Kila ukipanda mita 100 unapoteza zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Bondeni 4, kileleni karibu -1. Sasa weka upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambao kule juu Januari ni wa kawaida, ngozi inasikia kama -10. Halafu weka maji. Kilimanjaro usiku ni baridi kali lakini kavu, theluji ikikudondokea unaikung'uta. Huku tunakaa kwenye sifuri, sifuri jumlisha moja, kutoa moja, kwa hiyo kila kinachodondoka kinayeyukia mwilini. Niliwahi kutembea Scotland kwenye -8 kavu yenye jua na nilikuwa na furaha kuliko hii ya +2 yenye mvua. Nyuzi +2 na mvua ya ubavu ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote.

---

Nyahururu_Leeds

Hamjambo wote. Mimi ni msichana wa Nyahururu, niko Leeds mwaka wa sita, na mimi si wa kukimbia, mimi ni wa kutembea. Wazungu kazini wakisikia natoka Kenya wananiuliza nakimbia marathoni kwa saa ngapi. Nawaambia kwa basi.

Kitu ambacho watu wetu wanasahau huku ni jua. Sisi tumezoea linatoka saa kumi na mbili na nusu, linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, hata hulifikirii. Huku kwenye vilima vya kaskazini tarehe 21 Desemba jua linatoka kama saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limezama. Mwanga wa saa saba na kitu, basi. Mwaka wangu wa kwanza nilienda Ingleborough (mita 723) na wasichana wawili, tukaanza saa tano kwa sababu tulitaka kula vizuri kwanza. Tulishuka tukimulikia simu. Na baridi inakula betri: yangu ilikuwa asilimia 40, ikazima kama mtu amechomoa waya. Siku hizi simu naiweka ndani ya nguo, kifuani.

Kwa anayetembea kuna kanuni ya mzee mmoja wa Scotland, Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza dakika moja kwa kila mita 10 za kupanda. Mfano kilomita 12 na kupanda mita 600: saa mbili na dakika ishirini na nne, ongeza saa moja. Sasa hiyo ni ardhi kavu na mtu mwenye nguvu. Kukiwa na theluji mimi naongeza nusu yake, halafu naweka na muda wa chai. Ikionyesha nitashuka baada ya saa tisa, nachagua kilima kingine kifupi.

Yorkshire kuna vilima vitatu, Pen-y-ghent, Whernside na Ingleborough, watu wanavizunguka kwa siku moja, karibu kilomita 39, na sifa ni kumaliza chini ya saa 12. Kila Desemba utamwona mtu kwenye kundi la wasapu anapanga hiyo. Saa 12 utazitoa wapi na mwanga ni saa saba?

---

KaaChonjo

Swali la kizushi. Kama mchezo ni kukimbia mlimani, mbona sijawahi kusikia Wakenya wamewanyoosha huko? Ama baridi imewashinda?

---

Nyahururu_Leeds

@KaaChonjo tuheshimiane. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mlimani mwaka 2017 na akarudia 2018. Patrick Kipngeno naye amechukua dhahabu za dunia za kupanda. Kupanda hamtuwezi.

---

TopeMagotini

Ni kweli, ila hizo mbio za dunia zina njia iliyowekwa alama. Huku ni mchezo mwingine. Ushindi uko kwenye kushuka, majani yameloa, tope, mawe yanayocheza, ukungu, na kujua kwamba nyuma ya ukuta ule wa mawe kuna kijinjia cha kondoo kinachokuokolea dakika mbili. Ndiyo maana magwiji wengi wa huku walikuwa wenyeji kabisa. Joss Naylor, aliyefariki 2024, alikuwa mfugaji wa kondoo bonde la Wasdale. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Kila siku yuko mlimani na mbwa, njia zote ziko kichwani.

Na kuna ule mzunguko wa Bob Graham: vilele 42, kama kilomita 106, unaanzia Keswick na kurudi Keswick kabla saa 24 hazijaisha. Bob Graham alikuwa na nyumba ya wageni pale mjini, akaufanya Juni 1932. Wapo wanaoufanya Desemba, ambapo mbili ya tatu ya safari ni giza. Mimi sijaufanya hata kiangazi, nisije nikaonekana najisifia.

---

Nyahururu_Leeds

Na kwa nini tunataja wanaume peke yao? Januari 2019, Jasmin Paris, mbio zinaitwa Spine, maili 268 kufuata uti wa Uingereza kutoka Edale hadi Kirk Yetholm, Scotland. Alikuwa na mtoto ananyonya. Kwenye vituo wenzake wanalala, yeye anakamua maziwa. Akamaliza wa kwanza, wanaume na wanawake pamoja, saa 83 na dakika 12, na rekodi ya zamani akaipita kwa zaidi ya saa 12. Mimi nikisema baridi imenishinda kutoka kitandani huwa namkumbuka huyo mama, halafu narudi kulala.

---

KaaChonjo

Maziwa? Kwenye theluji? Nimenyamaza.

---

Bin_Mrima

Wakuu salaam kutoka Maskati, bibi zangu wa Unguja. Huku kwetu ni kinyume. Novemba hadi Machi ndiyo msimu wa kupanda, Juni ukithubutu unakaangwa. Jabal Shams ni karibu mita 3,000, usiku wa Januari nimeamka nikakuta maji ya chupa yameshika barafu. Ila baridi siyo tunayoiogopa, tunaogopa wadi, yaani mabonde makavu ya mito. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko bondeni jua linakuwakia, unasikia kishindo, na kumbe ni maji. Ukiona mawingu juu ya jabali, toka bondeni kwanza, picha baadaye.

---

MgeniGlasgow

Samahani wakuu, nina viatu vya kukimbilia vya kawaida. Kwenye barafu mnavaa nini? Nimeona madukani kuna vyuma vya kuvalisha kiatu vya bei tofauti tofauti, sielewi.

---

TopeMagotini

@MgeniGlasgow karibu. Viko vya aina mbili na watu wanachanganya.

Cha kwanza ni raba inayovutika, chini ina minyororo yenye vijino vya chuma vya kama sentimita moja. Unavalisha kiatu chochote, hata cha kukimbilia. Kinafaa kwenye njia iliyoganda, isiyo na mteremko mkali. Ninacho kwenye begi Desemba hadi Machi.

Cha pili ni kramponi, meno marefu kumi au kumi na mbili, zinahitaji buti lenye soli ngumu. Ukizifunga kwenye kiatu laini cha mbio zinachomoka, na zitachagua kuchomoka pabaya. Zinakwenda pamoja na shoka la barafu, na shoka nalo ni la kujifunza. Ukiteleza kwenye mteremko wa theluji ngumu una sekunde moja au mbili za kujizuia, baada ya hapo kasi ni ya gari. Kozi za siku moja zipo, huko Scotland hata zaidi ya huku.

Kwa hiyo ukiwa na vile vya raba, mahali penye ukingo kama Striding Edge paache hadi theluji iishe. Upande wa mashariki wa Helvellyn upepo hujenga ukingo wa theluji unaoning'inia hewani juu ya kijiziwa cha Red Tarn. Kwenye ukungu unaona ardhi nyeupe inaendelea, kumbe umesimama juu ya dari.

Viatu vya kawaida vya lami viache mjini. Kwenye majani yaliyoloa ni sabuni. Tafuta vya mbio za vilima, vyenye njumu ndefu chini kama vya mpira wa miguu.

Na kabla hujatoka soma ripoti. Lake District kila siku ya majira ya baridi kuna mtaalamu anapanda Helvellyn kwa miguu, anapima upepo na baridi, anaangalia theluji ikoje, anaandika. Ni bure. Scotland nako taarifa za maporomoko ya theluji hutolewa kila siku kwa maeneo makubwa ya milima. Mimi naisoma Ijumaa usiku, naisoma tena Jumamosi asubuhi, na mara mbili nimeisoma nikarudi kulala.

---

MpagaziMstaafu

Na mtu akivunjika, mnamwita nani? Huku kwetu helikopta ipo, lakini kitu cha kwanza wanachouliza ni bima.

---

Nyahururu_Leeds

Mzee, unapiga 999, unaomba polisi, halafu unawaambia unataka uokoaji wa mlimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, mwalimu, fundi bomba, daktari, wanaacha chakula mezani. Hawalipwi na hawakudai senti. Simu isiposhika, filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya hivyo hivyo na taa.

Mimi niliwahi kuwapigia nikiwa na aibu, nikaanza kwa kuomba radhi. Yule wa kwenye simu akaniambia afadhali nimepiga bado nikiwa naongea vizuri.

---

TopeMagotini

Nilitaka kusema hilo hilo. Siku yetu ile sikupiga simu. Niliona aibu, nikajiambia kifundo tu hiki. Wale wazee wasingetokea, ningepiga baadaye, vidole vikiwa vimeshakufa, na sidhani kama ningeweza hata kufungua simu.

Jamaa alipona, wiki saba. Sasa hivi begi lake ni kubwa kuliko langu.

---

MgeniGlasgow

Asanteni sana. Kuna anayetoka karibuni? Nitakuwa Manchester kwa shemeji wikiendi ya pili ya Desemba.

---

TopeMagotini

Jumamosi hiyo naenda Pendle, mita 557, kupitia kijiji cha Barley. Kilima cha kuanzia, hakina mapabaya, ila upepo wake una adabu mbovu. Panda treni ya Clitheroe pale Manchester Victoria, nitakupokea na gari. Tunaanza kutembea saa nne kamili, saa nane tuko chini. Tutatembea, hatukimbii. Nyahururu karibu pia kama hauko zamu.

---

Nyahururu_Leeds

Niko zamu ya usiku Ijumaa. Nitakuja Jumapili mkisogeza.

---

TopeMagotini

Jumapili basi, kama MgeniGlasgow hana neno na ripoti ikikubali. Ikionyesha upepo juu ya kilomita 70 tunakula chapati kwangu Preston.

---

KaaChonjo

Mimi niandikeni kwenye chapati.